Herufi Mbili za Papa Séverin

Tarumbeta ya saa sita ilipolia, Lucie alikuwa amekwisha kufika kutoka shule ya masista, amevua sare yake na kuketi kizingitini akimngoja papa yake. Alimtambua kwa mwendo kabla ya kumwona uso. Wanafunzi vijana wa shule ya polisi walitoka uwanjani wakipiga soga na kusukumana. Papa Séverin alikuja nyuma yao peke yake, akiburuta miguu, kofia mkononi, shati la kaki limegandamana na mgongo kwa jasho.

Mama Berthe alimpa maji ya kunawa, kisha sahani ya lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki. Alikula. Alipomaliza alichukua daftari lake, akasogeza kiti karibu na dirisha, akaramba ncha ya penseli kama mtoto wa darasa la kwanza, akaanza kuandika. Aliandika mistari mitano, pengine sita. Kabla ya kufika wa saba kichwa kilikuwa kimeangukia kifuani na penseli imeviringika sakafuni. Saa nane tarumbeta ililia tena. Aliruka, akafunga daftari, akatoka mbio kurudi darasani.

Ndivyo siku zilivyokwenda katika kambi ya polisi ya Kisangani mwaka ule wa 1956. Papa Séverin alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika kazi ya polisi. Aliijua mitaa yote ya mji, na wavuvi na wachuuzi walimjua yeye. Aliweza kuwatenganisha walevi wawili kwa sauti tu, bila kuinua fimbo. Lakini kuandika hakujifunza sana. Alipokuwa mtoto huko Bengamisa alisoma miaka miwili, kisha shamba likamwita.

Mwaka ule amri mpya ilitoka. Kila polisi alitakiwa kupita shuleni miezi sita, kisha afanye mtihani wa cheti. Asiyepata cheti angeachishwa kazi, na anayeachishwa kazi hukabidhi pia nyumba ya kambi. Kwa hiyo wazee kama papa Séverin walipiga gwaride alfajiri pamoja na vijana waliokuwa rika la watoto wao, wakajifunza sheria, wakalenga shabaha kule upande wa Simi-Simi, wakafunga bendeji. Yote hayo aliyaweza, ingawa magoti yalimlalamikia. Kilichomtesa ni ripoti.

Ripoti ziliandikwa kwa Kiswahili, halafu karani akazigeuza kwa Kifaransa ili komisera, mkuu wa polisi, azisome. Mwalimu Hilaire, sajini mzee mwenye mvi, aliwafundisha kwamba kila ripoti ianze na jina la aliyekuja kushtaki. Hapo ndipo papa Séverin alipojikwaa. Nyumbani, mtu husema, "Bwana yake alimpiga," basi, kila mtu ameelewa. Lakini ripoti ilitaka mwanamke atangulie: Fulani alipigwa na mume wake. Papa Séverin aliandika, "Fulani alipiga na mume wake," akaona ni sawa tu.

Mwezi wa tatu Lucie aliliona kosa hilo kwa mara ya kwanza. Papa yake alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, na daftari limefunguka mapajani. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na alama nyekundu: sita kwa ishirini. Lucie alimtazama mikono, ile mikono mikubwa iliyoshika penseli kama mtu anayeogopa kuivunja, akamwonea huruma. Alichukua daftari polepole. Akafuta neno moja kwa kifutio chake cha shule, akaliandika upya huku akiiga herufi nene za papa yake, zilizoinama upande mmoja. Kisha akafuta la pili. Papa hakuamka.

Siku iliyofuata alirudi na alama tisa. Lucie akaendelea. Wiki mbili baadaye ilikuwa kumi na tatu, na kufikia Pasaka papa Séverin aliingia nyumbani akiwa amesimama wima zaidi ya siku zote. Alimwonyesha mkewe ukurasa wenye kumi na sita.

"Mama Lucie, tazama. Kumbe kichwa hakijafa."

Mama Berthe alicheka, akawaita majirani waje kuona. Lucie alitoka nje akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Alijiambia kwamba hakuna aliyedhurika. Papa anachoka, yeye anamsaidia, na mtihani ukikaribia atamfundisha kidogo kidogo. Lakini mchana wa kumfundisha haukufika, kwa sababu kila mchana papa alikuwa amelala, na kumwamsha kulihitaji moyo ambao Lucie hakuwa nao.

Kila Jumamosi wanafunzi wa shule ya polisi waligawanywa mjini kufanya kazi ya kweli. Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwalimu Hilaire alimchagua papa Séverin akae katika meza ya polisi sokoni na kuandika mashtaka, maana alama zake za ripoti zilikuwa miongoni mwa zile za juu darasani. Hiyo ilikuwa heshima. Mama Berthe alimpigia pasi shati mara mbili.

Asubuhi hiyo fundi nguo mmoja aitwaye Asumani alikuja mezani akihema. Alikuwa mtu wa Maniema, aliyeshona chini ya baraza moja pembeni mwa soko kwa miaka mingi. Alikuwa ameingia msikitini kidogo, na aliporudi cherehani yake ya mkono haikuwepo. Papa Séverin alimsikiliza kwa makini, akamuuliza rangi ya cherehani, saa, na mahali anapokaa. Kisha akaandika pole pole, kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii hapakuwa na mtu wa kupita nyuma yake na kifutio:

"Leo saa nne asubuhi, sokoni, Asumani, fundi nguo, aliiba cherehani ya mkono, rangi nyeusi. Anakaa nyuma ya msikiti. Cherehani haijapatikana."

Alitaka kuandika aliibiwa. Herufi mbili zilibaki kichwani, hazikushuka kwenye karatasi. Asumani hakujua kusoma. Aliweka alama ya kidole chake chini, akashukuru, akaenda.

Lucie hakujua habari hizo. Alichojua ni kwamba mama yake Asha hakuja kuuza vitumbua langoni mwa kambi Jumatatu, wala Jumanne. Asha alikuwa msichana wa rika lake, binti wa Asumani, na kila asubuhi alimsaidia mama yake kabla Lucie hajaenda shule. Wawili hao walizoea kuongea dakika mbili tatu. Jumatano saa sita, Lucie alipokuwa akirudi kutoka shule, alimkuta Asha peke yake langoni na beseni la vitumbua visivyozidi kumi, vingine vimeungua. Macho yake yalikuwa mekundu.

Lucie alimuuliza mama yuko wapi. Asha alisema mama yake ameshinda mlangoni pa kituo cha polisi tangu juzi, amekaa chini, hataki kula. Papa yake alikwenda Jumatatu kuulizia cherehani yake iliyoibwa, wakafungua karatasi, wakamtia ndani.

"Walitusomea," alisema Asha. "Imeandikwa Asumani aliiba. Papa alisema, mimi ndiye niliyeibiwa. Wakasema kila mwizi anasema hivyo."

"Nani aliandika?"

Asha alisogeza beseni lake. "Ni papa yako aliandika, Lucie. Walisema hawezi kukosea, iko mwanafunzi mzuri sana."

Lucie hakukumbuka alivyotembea kutoka langoni hadi nyumbani. Alikumbuka tu kwamba jua lilikuwa kali. Aliiba. Aliibiwa. Alikuwa ameziweka herufi hizo mbili katika daftari la papa mara nyingi mno, hata mkono wake ulizizoea. Kila alipoziweka, mwalimu Hilaire aliona kwamba Séverin anajua, na Séverin mwenyewe akaona kwamba anajua.

Nyumbani papa alikuwa amekwisha kula. Alikuwa kitini karibu na dirisha, amelala, daftari mapajani. Lucie aliinama akasoma mstari wa kwanza. "Mzee aliuma na mbwa." Kifutio kilikuwa mfukoni mwake.

Alikipapasa. Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba. Akisema, papa atafukuzwa shuleni kama mdanganyifu, na wao watafunga mizigo. Akinyamaza, pengine watamwachilia Asumani wenyewe, siku moja. Lakini alimwona mawazoni mama yake Asha amekaa chini mlangoni pa kituo, na fikira hiyo ya pili ikakosa mahali pa kusimama.

Alimgusa papa yake begani. "Papa. Amka."

Papa Séverin alifumbua macho yaliyojaa usingizi. "Tarumbeta imelia?"

"Hapana. Nina neno."

Alilisema lote, akiwa amesimama, bila kumtazama. Alianza na mwezi wa tatu, akaja kwenye kifutio, akamaliza na Asumani aliye ndani tangu Jumatatu. Mama Berthe aliacha vyombo akaja kusimama mlangoni. Papa hakumkatiza. Lucie alipomaliza, papa alifungua daftari nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akipitisha kidole juu ya maneno kama kipofu, akihisi mahali karatasi iliposuguliwa ikawa nyembamba.

"Kumi na sita ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Yangu, papa."

"Na hii kumi na nne?"

"Yangu."

Alifunga daftari. Lucie alingoja kofi, lakini papa hakuinua mkono. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, na hilo lilimuuma Lucie kuliko kofi. Papa Séverin aliinuka, akanawa uso, akaanza kufunga vifungo vya shati.

Mama Berthe alimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda kwa mwalimu Hilaire. Mama Berthe alimsihi kwa sauti ya chini afikiri kwanza. Alisema kwamba pengine angeweza kwenda kituoni kimya kimya, aseme kalamu iliteleza, Asumani atolewe, na habari za daftari zibaki humu ndani. Ni wiki saba tu. Wakitolewa kambini wataenda wapi na watoto?

"Mutu iko ndani, Mama Lucie," alisema papa Séverin. "Nikisema kalamu iliteleza, kesho wataniweka tena kwenye meza, na mimi nitamfunga mutu mwingine." Kisha akamgeukia Lucie. "Vaa viatu. Twende wawili."

Mwalimu Hilaire walimkuta darasani peke yake, akisahihisha madaftari huku viatu amevivua chini ya meza. Papa Séverin alisimama wima, akapiga saluti, akaeleza. Hakumsukumia binti yake lawama. Alisema tu kwamba kazi iliyokuwa ikisifiwa haikuwa yake, na kwamba kwa ajili hiyo mtu asiye na hatia amelala kizuizini siku mbili.

Mzee aliondoa miwani, akampa karatasi tupu na penseli. "Andika. Mwanamke alipigwa na mume wake."

Papa Séverin aliandika. Mwalimu Hilaire alisoma, akaiweka karatasi mezani. Lucie hakuhitaji kuona karatasi ili kujua lililoandikwa.

"Bon," alisema mwalimu hatimaye, kwa sauti ya mtu ambaye siku yake ilikuwa ndefu tayari. "Hata mimi nimekosa. Nilisahihisha madaftari, sikumpima mtu. Twende kituoni kwanza. Habari za shule baadaye."

Karani wa kituo hakupenda kusikia kwamba tafsiri yake ilitokana na neno lenye kosa, na komisera naye hakupenda. Ilibidi mwalimu Hilaire aeleze mara tatu, na papa Séverin akiri mara tatu. Kisha papa alikaa akaandika ripoti mpya, mwalimu akisimama pembeni bila kumsaidia hata herufi. Alichukua nusu saa. Alipofika kwenye lile neno alisimama, akajisemea kwa midomo tu, akaliandika zima.

Asumani alitoka saa kumi jioni, mkanda wake mkononi. Mkewe aliinuka kutoka chini akamshika mkono, na Asha, aliyekuwa amekuja na beseni lake, akaanza kulia. Papa Séverin alimwendea.

"Asumani, mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nakuomba unisamehe."

"Nami ndiye niliyebadilisha daftari la papa," alisema Lucie. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

Fundi aliwatazama wote wawili. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyetaka kulala. "Nitawasamehe," alisema. "Lakini si leo. Leo nimechoka. Mtafuteni mwizi wangu kwanza." Akaondoka na mkewe na binti yake, wakitembea pole pole upande wa kivuli.

Kesho yake mwalimu Hilaire alitoa uamuzi uliokubaliwa na komisera. Alama zote za ripoti za Séverin zilifutwa. Hangefukuzwa, kwa kuwa alikuja mwenyewe, lakini mchana hangerudi tena nyumbani. Angebaki darasani akiandika mbele ya mwalimu mpaka siku ya mtihani. Jioni binti yake aliruhusiwa kumsaidia kwa sharti moja, asiguse penseli. Kazi yake iwe kumuuliza tu: nani alitenda, nani alitendewa?

Wiki hizo saba ziliwachosha wote. Papa Séverin alirudi jioni macho yamevimba, akaketi nje na Lucie kabla jua halijazama, na Lucie akawa anauliza. Waliandika habari za mambo waliyoyaona kambini: ndoo ya jirani iliyochukuliwa, kuku aliyefukuzwa na mbwa. Mara nyingi papa alikosea, na mkono wa Lucie ulimwasha kutaka kuchukua penseli. Aliukalia. Siku nyingine papa alitupa daftari chini, akasema yeye ni mzee, waache. Lucie aliliokota, akapangusa vumbi, akauliza tena, "Kuku alitenda, au alitendewa?" Papa alishusha pumzi, akaandika.

Katikati ya wiki hizo cherehani ilipatikana. Kwa kuwa sasa ripoti ilisema cherehani ya Asumani imeibwa, polisi waliulizia njiani, na huko Bengamisa wakamkuta mtu mmoja akijaribu kuiuza. Papa Séverin mwenyewe ndiye aliyetumwa kuirudisha. Aliibeba begani kutoka kituoni hadi kwenye baraza la fundi. Asumani alizungusha gurudumu lake, akasikiliza, akaitia mafuta. Kisha akasema sasa amesamehe, na akamwomba papa Séverin akae kidogo, wanywe chai.

Mtihani ulifanyika mwanzoni mwa mwezi wa saba. Matokeo yaliposomwa uwanjani, vijana walikuwa na kumi na saba, kumi na nane. Papa Séverin alipata kumi na moja kwa ishirini, na kumi ndiyo iliyotakiwa. Alipiga hatua mbele, akapokea cheti chake kwa mikono miwili, akarudi kwenye mstari. Hakuna aliyempigia makofi zaidi ya wengine, ila mwalimu Hilaire alimtazama akamwitikia kwa kichwa mara moja, taratibu.

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, papa na Lucie, mama akiwa ametangulia na majirani. Papa alikuwa mchovu kama siku zote. Lucie alimwambia kwamba kumi na moja ni alama ndogo, na kwamba yeye ndiye aliyempotezea miezi miwili.

"Ni ndogo," alikubali papa. "Lakini ninaijua yote. Hakuna hata moja ndani yake isiyo yangu." Walitembea kidogo. "Sikiliza, binti yangu. Ulinipenda, najua. Uliona nimechoka, ukataka kunipumzisha. Lakini kosa la mtu ukilificha haliponi. Linatoka tu kwenye nyumba yako, linaenda kumpiga mutu asiyejua lolote, na yeye ndiye anayelilipa. Ukimpenda mwenye kosa, mwamshe. Hata kama amelala usingizi mzuri. Atakasirika, halafu atajifunza."

Lucie aliitika. Papa Séverin alimpa cheti akishike, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatoka jasho, na akamwambia asikikunje.